Miti Saba ya Ukumbini

Mzee Rula alikwama kwenye sentensi ya kwanza, na sentensi yenyewe hakuitunga yeye. Aliletewa na bintiye, katibu wa halmashauri ya mji, imepigwa chapa kwenye karatasi yenye nembo: "Mji wetu ulizaliwa katika kivuli cha miti saba." Kuanzia hapo, binti alimwambia, aendelee mwenyewe, kurasa nne hivi, asitie chumvi sana. Jumamosi angeisoma historia hiyo ukumbini mbele ya watu wote, kwa kuwa mji ulikuwa unatimiza miaka hamsini na katika wapimaji na wachoraji walioupanga alikuwa amebaki peke yake.

"Hiyo miti mmeiona ninyi wazee tu, baba," binti alisema. "Sisi tumezaliwa imeshakatwa."

"Sikuiona."

"Si uliichora?"

"Niliichora."

Binti alicheka. Alimjua baba yake kwa majibu ya mkato. Akatwaa mkoba wake akarudi kazini, na beji ya halmashauri iking'aa kwenye koti lake, miti saba ya kijani iliyopangwa kama wanafunzi kwenye gwaride.

Jina la Rula alipewa ofisini enzi za ujana, kwa sababu rula haikumtoka mfukoni hata siku aliyofunga ndoa. Alikuwa mchoraji ramani. Watu humchanganya mchoraji na mpima ardhi, na wachoraji huumia sana wakichanganywa. Mpima huenda maporini kuchomwa na jua na kung'atwa na siafu. Mchoraji hukaa kwenye meza iliyoinama karibu na dirisha, mikono safi, akigeuza vifupisho vya mpima kuwa mistari ya wino. Mzee Rula alikuwa na mkono mtulivu kupita wote pale ofisini, na alijua hivyo, na kujua kwake ndiko kulikomponza.

Siku tano alizopewa alizitumia vizuri, kwa kuanzia ukurasa wa pili. Aliandika jinsi kiwanda cha matofali kilivyofungwa na eneo lake likakatwa viwanja mia moja na kumi na viwili. Aliandika habari za makarani na walimu waliochoka kupanga vyumba mjini, wakahamia huku na magodoro vichwani, wakachota maji wote kwenye bomba moja na kugombana kwenye bomba hilo hilo. Akaandika bucha la kwanza, barabara ya kwanza ya lami, na ule mwaka ambao jiji lilitaka kuwameza, watu wazima wakaandamana kwenye mvua wamevaa tai na kushika miavuli, hadi wakapewa halmashauri yao wenyewe. Yote hayo yalimtoka bila shida, na mahali pengine alicheka peke yake. Lakini kila aliporudi kwenye ukurasa wa kwanza, kalamu iligoma.

Miti saba ilikuwa imezagaa mji mzima. Ilikuwa kwenye muhuri, kwenye gari la taka, kwenye mashati ya watoto wa shule ya msingi. Walioitia kwenye nembo waliitoa katika ramani ya kwanza ya mji, pale penye kilima kidogo ulipojengwa ukumbi, na ramani hiyo aliichora yeye. Hakuna mtu aliyewahi kuona hata kisiki kimoja, na hakuna aliyeuliza.

Mambo yalikwenda hivi. Kila mpima alikuwa na vifupisho vyake, na maana zake aliziorodhesha ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo. Kwa hiyo mchoraji mwenye adabu ya kazi huanza nyuma ya daftari ndipo aje mbele. Rula alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, mkono mwepesi, kichwa kimejaa sifa. Alianza mbele. Alipokuta pale kilimani pameandikwa "M 7", hakujisumbua kufunua nyuma, maana mpima aliyetangulia aliandika M kwa miti. Akachora miti saba. Aliichora kwa mapenzi, kila mmoja na shina lake na majani yake, hadi mkuu wa ofisi akawaita wengine waje waone. "Mchoraji ni huyu," mkuu alisema, akaitundika ramani ukutani kwake, imeshasainiwa na kugongwa muhuri.

Siku iliyofuata alikuja mwanamke mmoja, vumbi limempanda hadi magotini. Alisubiri kwenye foleni mpaka zamu yake ikafika, akaegemea ubao wa dirisha la mapokezi.

"Habari za kazi, kijana."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimeambiwa katapila linakuja kwetu Jumatatu. Sikatai, nyumba nimeshahama, kiwanja kingine nimepewa. Ila pale kilimani wamelala wazee wangu, na mtoto wangu. Yule bwana mpima nilimwonyesha kwa mkono wangu, akaandika. Hebu angalia ramani yako, kijana. Inasemaje pale?"

Rula akaenda kabatini, akatoa daftari, na safari hii akafunua nyuma. Kidole kilishuka kwenye orodha. Mt, miti. Mw, mwamba. M, makaburi. Kidole kikasimama.

Mara nyingi baadaye alijaribu kujitetea kwamba alibabaika, kwamba hakuwa na muda wa kufikiri. Uongo mtupu. Alifikiri vizuri kabisa. Alifikiria ile ramani ukutani na sauti ya mkuu ikisema mchoraji ni huyu. Alifikiria siku sita zilizobaki athibitishwe kazini, na mke wake aliyekuwa na mimba. Akapiga na hesabu ya kuichora ramani upya, akaona ni kazi ya juma moja, basi. Juma moja la wino na karatasi. Hilo ndilo lililomla miaka hamsini, kwamba lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Alirudi dirishani.

"Miti, mama," alisema. "Saba."

"Miti?"

"Ndivyo ramani inavyosema."

Watu waliokuwa nyuma ya mwanamke wakaanza kuguna. "Ahsante, kijana," akasema, akaondoka.

Jumatatu katapila lilifika. Halikuchimba, lilisawazisha tu, halafu wakaja watu wa zege. Mwanamke alikaa chini kando ya kilima akalia kutwa nzima, na dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya, alizima mashine akamuuliza, "Mama, unalilia nini?"

"Nalilia miti," alijibu.

Wale wa zege waliangua kicheko. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Miti, na jina likamganda. Wahamiaji wapya walilikuta, wakalipenda. Walimuona bibi mpole anayesikitikia miti iliyokatwa, wakawa wanawafundisha watoto wao wamuamkie.

Rula alilichukua daftari lile akaenda nalo nyumbani, akalifukia chini ya sanduku la bati, chini ya vyeti vyake vya shule. Alithibitishwa kazini. Alipewa kiwanja humo humo mjini, na alipokwenda kukiona alikuta jirani yake, ng'ambo ya ua wa michongoma, ni Mama Miti.

Angalau angemchukia! Ingekuwa nafuu. Mke wa Rula alipofariki, binti hajatimiza hata miaka miwili, wa kwanza kupita kwenye uwazi wa ua alikuwa Mama Miti, na kanga ya kumbebea mtoto begani. Miaka sita yule mtoto alikula jiko hili akashibia jiko lile. Alimwita bibi. Na Rula kila jioni alipokwenda kumchukua, alisimama mlangoni akisema ahsante, mama, ahsante, mama, kama mtu asiyejua neno lingine.

Ukumbi ulipotafuta mfagizi, Mama Miti aliomba kazi, akaifanya miaka thelathini. Kila asubuhi alivua ndala mlangoni akaingia pekupeku. Madiwani walidhani anatunza sakafu isichafuke, wakamsifia. Rula alijua. Yeye mwenyewe, akilazimika kuingia mle, hakuvuka dirisha la pili mkono wa kushoto. Katikati ya sakafu, kuanzia dirisha hilo hadi jukwaani, ndipo palipokuwa pale penye M 7.

*

Jumatano binti alipita kuulizia historia, amechangamka.

"Baba, kuna jambo la kufurahisha, ila usimwambie bibi. Jumamosi tunampa cheti. Mkazi aliyependa miti kuliko wote. Ataitwa pale mbele mara tu ukimaliza kusoma."

Mzee Rula aliweka kalamu chini. Akilini alimuona bibi wa miaka themanini na nne akipandishwa juu ya watu wake apigiwe makofi kwa ajili ya miti, na atakayemwandalia njia kwa kusoma ni yeye mwenyewe.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana. Nitamaliza kesho."

Alhamisi asubuhi alipeleka kurasa kwa bintiye zikapigwe chapa, sentensi ya kwanza ikiwa vile vile; alasiri alitoa daftari chini ya sanduku la bati, akapita kwenye uwazi wa ua. Mama Miti alikuwa uani na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Hodi, mama."

"Karibu, Rula. Kaa hapo, ila usijitupe, kigoda hicho kina mguu mmoja wa mashaka."

Hakukaa. "Nimekuja na jambo la zamani."

"La zamani lipi? Mimi na wewe hatuna jipya."

Alifunua daftari ukurasa wa mwisho akamsogezea. Yeye hakulitazama.

"Macho yangu yameisha. Soma wewe."

"Mt, miti. Mw, mwamba." Kidole kikasimama tena.

"Soma, baba. Si uliwahi kusoma?"

"M, makaburi."

Mama Miti alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa kando. "Nilikuona," alisema. "Dirisha lenu lile lilikuwa kubwa. Ulikwenda kabatini, ukafunua daftari kwa nyuma, kidole kikatembea, kikasimama. Ukameza mate. Ndipo ukaja ukaniambia miti."

Mzee Rula akakaa, na kigoda kikayumba kweli. "Miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua kabla hujafungua mdomo."

"Na mtoto wangu ukamlea."

"Mtoto hakuchora ramani."

"Mbona hukunisema kwa watu?"

"Kwa nani? Nilikwenda kwa mkuu wako, akanionyesha ukutani. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kwanza, akanionyesha muhuri. Kila ninayemwendea ananionyesha miti. Nikabaki na wewe tu. Nikasema, huyu ana aibu, ipo siku itamleta. Sikujua kwamba aibu yako inatembea na mkongojo." Akacheka kidogo, akapepeta ungo. "Hamsini, Rula! Hata kobe angekuwa ameshafika."

"Nisamehe, mama."

Hapo ndipo alipoacha kuchambua. "Mimi sikukuomba unitake radhi. Nilikuuliza swali. Nilikuuliza nimesimama, mbele ya foleni ya watu, na ukanijibu mbele yao. Leo unakuja kunijibu uani, mimi na mchele wangu?"

Mama Miti alimwagiza atoe kalamu, akamtajia waliolala kilimani, mmoja mmoja, kwa jina, ukoo na mahali alipolala: mama yake, baba yake, wajomba wawili, dada yake, shangazi. Mzee Rula aliandika sita kwa ule mwandiko wake wa ramani.

"Na wa saba?"

"Wa saba andika mtoto. Hakufikisha siku za kupewa jina."

*

Binti aliambiwa Ijumaa, ofisini kwake, mlango umefungwa. Alisikiliza hadi mwisho huku anaigeuzageuza beji kwenye koti.

"Ndiyo maana hukucheza," alisema.

"Lini?"

"Harusi yangu, kule ukumbini. Watu wote walicheza, wewe umekaa karibu na mlango kama mgeni. Nikadhani humpendi mume wangu. Nimebeba hilo miaka kumi na nane, baba. Kumbe ulikuwa unajua nacheza juu ya nini, ukaniacha nicheze."

"Ningekuambiaje siku ya harusi yako?"

"Ungeniambia siku nyingine yoyote!" Alifuta macho kwa kiganja, haraka, halafu katibu akarudi usoni. "Sikiliza. Kesho wanakuja wageni. Vitabu vya historia vimeshachapwa, sentensi ile iko ukurasa wa kwanza. Soma tu kama ilivyo. Bibi nitamuondoa kwenye orodha ya vyeti. Jumatatu tutaita kikao, tulizungumze taratibu, kwa heshima."

Jumatatu. Lile neno lilimchoma, lakini mwenye mazoea ya kukubali hukubali. Alitikisa kichwa kuitikia. Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba siku mbili si kitu, kwamba kikao kina heshima yake, kwamba hata Mama Miti ataona hivyo. Alijisikia nafuu kabisa.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Waliokosa viti walisimama kwenye korido. Mzee Rula alipoitwa, alipita kando kando akiusugua ukuta kwa bega hadi jukwaani, na watu wakasema masikini, miguu imechoka. Alivaa miwani. Mama Miti alikuwa kiti cha mwisho nyuma, ndala zake ameziweka chini ya kiti.

Alifungua kitabu. Aliyoyakusudia, mabaya na mema, yalikuwa yote mdomoni, na mdomo ukachagua uliyoyazoea.

"Mji wetu," alisoma, "ulizaliwa katika kivuli cha miti saba."

Makofi yakapigwa. Watoto wa shule wakaonyeshana vifua vyao. Mzee Rula alisubiri makofi yaishe ili aendelee na kiwanda cha matofali, na alipoinua macho aliona mtu amesimama nyuma kabisa. Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, ameshikilia kiti cha mbele yake.

"Kijana," Mama Miti aliita.

Watu waligeuka. Wengine walicheka, maana kijana mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minne na mvi hadi kwenye nyusi. Mwenyekiti wa halmashauri naye akacheka, akimpungia bibi mkono akae.

Hakukaa. "Kijana, hebu angalia ramani yako. Inasemaje hapa?"

Kimya kilikuja kidogo kidogo, kuanzia nyuma kuja mbele. Mzee Rula alimtafuta bintiye, akamuona mstari wa mbele, na binti akainamisha macho. Hakumkataza. Hakumruhusu. Mzee Rula alifunga kitabu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa daftari, akalifunua kwa nyuma kama alivyotakiwa kulifunua miaka hamsini iliyopita, ingawa alichotaka kusema alikijua kwa moyo.

"Makaburi, mama," alisema. Kipaza sauti kilibeba neno hadi barabarani. "Saba. Katikati hapa, kuanzia dirisha la pili hadi jukwaani. Niliona daftarini siku ile uliponiuliza. Nikakudanganya."

Hakuna aliyepiga kofi. Mwenyekiti alinyanyuka nusu, akakosa la kufanya, akakaa. Mzee Rula akasoma majina, moja moja, bila haraka, na baada ya la sita akasema "mtoto", akalifunga daftari. Waliokuwa karibu na dirisha la pili walianza kuangalia chini. Mwanamke mmoja alinyanyua miguu yake kutoka sakafuni akaikunja kitini. Binti alikuwa ameibandua beji kwenye koti, ameishika kwenye kiganja kilicho wazi, hajui aiweke wapi.

"Ahsante, kijana," alisema Mama Miti. Akainama polepole, akachukua ndala zake mkononi, akatoka.

Mwenyekiti alimnong'oneza Mzee Rula akae. Lakini watu walikuwa wamesimama na kujibana kwenye kuta zote mbili, kando kando hapakupitika tena, na njia pekee ya kurudi kwenye kiti chake ilikatiza katikati ya ukumbi. Mzee Rula alibaki amesimama jukwaani na daftari lake. Alijua, hadi kwa inchi, kila hatua ingepita juu ya nani.